Gurudumu Moja, Kilomita 7 za Reli: Kisa cha Handaki la Gotthard

Mchana wa tarehe 10 Agosti 2023, treni ya mizigo ya SBB Cargo, kampuni ya mizigo ya shirika la reli la Uswisi, yenye mabehewa 30 iliingia handaki jipya la reli la Gotthard, chini ya milima ya Uswisi, kwa lango la kusini, Bodio, ikielekea kaskazini. Gurudumu la behewa la 11 lilivunjika. Treni ikaendelea na safari kilomita kadhaa bila dereva kujua, hadi ilipofika sehemu ya ndani ya handaki iitwayo Faido, ambako mabehewa yaliacha reli na kubomoa kila kilichokuwa mbele yao. Hakuna aliyeumia. Hasara ilikadiriwa kuwa karibu faranga milioni 150 za Uswisi, na ilipita zaidi ya mwaka mzima kabla handaki halijafunguliwa lote, tarehe 2 Septemba 2024.

Ukisoma habari za wakati ule unaweza kudhani kisa chote ni gurudumu bovu. Ni kweli gurudumu ndilo lililoanzisha, ila halikupanga ukubwa wa hasara. Lingevunjika kwenye njia ya kawaida ya kokoto, mita mia chache kabla ya stesheni, watu wa njia wangemaliza kazi ndani ya siku chache. Hasara ya Gotthard ilitokana na vitu vitatu vilivyokutana: umbali ambao treni ilikwenda bila kugundulika, pointi zilizokuwa mbele yake (vile vipande vya reli vinavyosogea ili kuihamisha treni kutoka njia moja hadi nyingine), na aina ya njia ya reli iliyomo ndani ya handaki.

Handaki lenyewe

Handaki hili lina urefu wa kilomita 57 na lilizinduliwa tarehe 1 Juni 2016. Treni za ratiba zilianza kupita Desemba mwaka huohuo. Kwa kweli ni mahandaki mawili yanayokwenda sambamba, la mashariki na la magharibi, kila moja likiwa na njia moja tu ya reli. Umbali kati yao ni kama mita 40, na kila baada ya mita 325 hivi kuna kijia cha kukatiza kutoka upande mmoja hadi mwingine, chenye milango ya kuzuia moto na moshi. Kusudi la vijia hivyo ni uokoaji: treni ikiwaka moto upande mmoja, abiria wanavuka kwenda upande wa pili, ambao hewa yake husukumwa kwa nguvu zaidi ili moshi usipenye.

Sehemu mbili, Faido na Sedrun, zimechimbwa kwa upana zaidi. Pana stesheni za dharura, mitambo ya hewa na vyumba vya umeme. Pana pia pointi. Pointi hizi huwezesha treni kuhama kutoka handaki la magharibi kwenda la mashariki, au kinyume chake, pale sehemu moja inapofungwa kwa matengenezo. Njia ya kuhamia ina lango kubwa la chuma. Lango hufunguliwa pale tu treni inapohama, na muda mwingine wote hufungwa ili hewa za mahandaki mawili zisichanganyike.

Kwa hiyo Faido ni mahali pa usalama na wakati huohuo ni mahali pa udhaifu. Popote palipo na pointi, gurudumu lililotoka relini hupata kitu cha kugonga.

Gurudumu na breki

Bodi ya Uswisi ya uchunguzi wa ajali, SUST, ilitoa taarifa ya awali Septemba 2023 na ripoti ya mwisho Juni 2025. Ilichokuta ni diski ya gurudumu iliyopasuka kwa uchovu wa chuma: nyufa zilizoanza zikiwa ndogo, zikakua kidogo kidogo kwa mizunguko mingi, hadi chuma kilichobaki kikashindwa kubeba mzigo na kuachia ghafla. Vipande vya gurudumu viliokotwa njiani, mbali kabisa na Faido, na hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba kuvunjika kulitangulia kuacha reli.

Nyufa hizo zilihusishwa na joto kupita kiasi, na hapo ndipo breki zinapoingia. Mabehewa mengi ya mizigo hufungwa breki kwa bloku zinazobana uso wa gurudumu lenyewe, ule unaotembea juu ya reli. Gurudumu basi linafanya kazi mbili: kubeba uzito na kumeza joto la breki. Kipimo kinachotumika Ulaya kusanifu magurudumu ya namna hii ni kilowati 50 kwa dakika 45, kwa gurudumu la kipenyo cha milimita 920. Chukua jiko la umeme la kilowati 2, zidisha mara 25, kisha uelekeze joto lote hilo kwenye ukingo wa gurudumu moja.

Zamani bloku zilikuwa za chuma cha kusubu. Zilikwangua uso wa gurudumu na kuuacha na vijibonde, na gurudumu lenye vijibonde hupiga kelele sana juu ya reli. Watu wanaoishi kando ya reli walilalamika kwa miaka mingi, na Uswisi ikapiga marufuku bloku hizo kuanzia 2020. Badala yake zikaja bloku za mchanganyiko. Zile za aina ya LL zilipendwa na wenye mabehewa kwa sababu zinaingia mahali pa bloku ya zamani bila kubadili mfumo mzima wa breki. Gurudumu hubaki laini na kelele hupungua.

Tatizo liko kwenye joto. Bloku ya chuma hupokea sehemu nzuri ya joto na kuisambaza hewani. Bloku ya mchanganyiko haipitishi joto vizuri, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi huingia kwenye gurudumu. Breki zikifanya kazi kama zilivyopangwa, gurudumu huvumilia. Breki ikigoma kuachia baada ya kufungwa, gurudumu likaburuzana na bloku kwa kilomita nyingi, ukingo hupata moto mkali, hutanuka, hubanwa na sehemu ya ndani ambayo bado ni baridi, kisha hupoa na kubaki na mvutano ndani yake. Gurudumu jipya hutoka kiwandani likiwa na mgandamizo kwenye ukingo, na mgandamizo huo ndio unaozifunga nyufa zisikue. Joto la kupita kiasi huugeuza mgandamizo kuwa mvutano. Kuanzia hapo kila ufa mdogo una nguvu inayousukuma ufunguke.

Gurudumu kuukuu lina hatari ya ziada. Kila linapochongwa upya kwenye mashine ili kurudisha umbo la uso wake, kipenyo hupungua na ukingo huwa mwembamba. Ukingo mwembamba una chuma kidogo cha kupokea joto lilelile, kwa hiyo hupanda joto haraka zaidi.

Magurudumu yenye nyufa hayakuwa mageni Ulaya. Mwaka 2017 tayari kulikuwa na utaratibu wa pamoja wa dharura, ulioratibiwa na wakala wa reli wa Umoja wa Ulaya, baada ya magurudumu ya aina fulani yenye bloku za LL kuvunjika. Gurudumu la Gotthard lilikuwa la aina BA 390, na utaratibu mwingine wa haraka ukafunguliwa baada ya ajali hii. Maoni yangu ni kwamba miaka ile sita katikati ilitumika vibaya: kila aina ilitazamwa kivyake, kana kwamba dosari ni ya mchoro mmoja wa gurudumu, wakati chanzo cha joto ni kilekile kwa zote.

Mkaguzi anatafuta nini

Mtu anayekagua behewa uwanjani huwa na dakika chache kwa kila ekseli, yaani mhimili unaounganisha magurudumu mawili, tena mara nyingi chini ya mvua au gizani. Dalili za gurudumu lililopata joto kupita kiasi zinajulikana: rangi ya ukingo iliyoungua na kubanduka kwa kina cha milimita 50 au zaidi kuelekea katikati ya diski, kutu mpya yenye rangi ya kahawia mahali palipopashwa moto, bloku iliyoyeyuka au kumeguka, na vipande vya chuma vilivyoganda juu ya uso wa gurudumu. Akiona dalili hizo, hatua inayofuata ni kupima umbali kati ya nyuso za ndani za magurudumu mawili ya ekseli moja, sehemu tatu za mzunguko. Kwa magurudumu makubwa umbali huo unatakiwa uwe kati ya milimita 1,357 na 1,363. Ukipungua au kutofautiana mno, gurudumu limejikunja na behewa linatolewa kazini.

Ufa wenyewe ni habari nyingine. Ufa wa uchovu unaweza kujificha chini ya mafuta, vumbi la breki na rangi, au upande wa ndani wa gurudumu ambako mkaguzi haoni bila kulala chini. Kuupata kwa uhakika kunahitaji karakana: ekseli itolewe, isafishwe, ipimwe kwa mawimbi ya sauti au kwa unga wa sumaku. Uswisi ina mtandao mpana wa vituo vya kupima treni zikiwa mwendoni. Vinapima joto la bea na la magurudumu, uzito unaoangukia kila gurudumu, na kama mzigo umetokeza nje. Vinakamata breki iliyogoma kuachia na bea inayokaribia kuungua. Havioni ufa. Gurudumu lililopata joto kali wiki iliyopita, mbali huko, hupita mbele ya kituo likiwa baridi kama mengine.

Kilomita ambazo hakuna aliyejua

Dereva wa treni ya mizigo yuko mamia ya mita mbele ya behewa lenye matatizo. Hana kamera inayotazama magurudumu. Kitu pekee kinachomuunganisha na mabehewa yote ni bomba la hewa ya breki: likikatika, hewa hutoka na breki zote hujifunga zenyewe. Bomba likiwa zima, treni inavutika kama kawaida hata kama ekseli moja imeshaanguka chini ya reli.

Ndivyo ilivyokuwa. Gurudumu lilipoteza vipande, ekseli ikatoka relini, na behewa likaendelea kuvutwa katikati ya wenzake waliolibeba mbele na nyuma. Magurudumu yaliyoanguka yalikwenda yakigonga viungio vinavyoshikilia reli na kumega mataruma ya zege yanayobeba reli, moja baada ya jingine. Baadaye walihesabu kama mataruma 20,000 yaliyoharibika, na kilomita 7 za njia zilizolazimika kubadilishwa.

Kwenye njia iliyonyooka, ekseli iliyotoka relini inaweza kusafiri hivyo kwa muda mrefu. Reli zenyewe huizuia isiende mbali kushoto wala kulia. Pointi huvunja utaratibu huo, kwa sababu hapo kuna reli inayokatiza njia ya gurudumu. Treni ilipofika Faido, ekseli ilizigonga pointi na kuziharibu. Sehemu ya mbele ya treni ilipita moja kwa moja. Mabehewa ya nyuma yakaelekezwa kwenye njia ya kuhamia handaki la pili, yakalivaa lile lango la chuma. Treni ikakatika, bomba la breki nalo likakatika, na hapo ndipo kila kitu kikasimama.

Mfuatano huu una mfano wa kutisha zaidi katika historia ya reli. Eschede, Ujerumani, tarehe 3 Juni 1998: pete ya gurudumu la treni ya abiria ya kasi ilivunjika, treni ikaenda takriban kilomita 6 ikiwa na kipande hicho, kisha kipande kikanasa kwenye pointi, mabehewa yakaacha reli na kugonga daraja. Watu 101 walikufa. Aina ya gurudumu ilikuwa tofauti, kasi ilikuwa mara mbili, lakini hatua ni zilezile tatu: kuvunjika, kilomita za ukimya, pointi. Anayesimamia usalama wa handaki refu anapaswa kuutazama mfuatano huo kama kitu kimoja.

Kwa nini lango lilisumbua kuliko reli

Handaki la mashariki halikuguswa na mabehewa, na treni za mizigo zilianza kulitumia tarehe 23 Agosti, chini ya wiki mbili baada ya ajali. Abiria walisubiri zaidi. Treni chache za mwisho wa wiki ndizo zilizoruhusiwa kuanzia tarehe 29 Septemba.

Sababu ya tofauti hiyo ni lango. Mpango mzima wa kuokoa abiria unasimama juu ya wazo kwamba upande mmoja utakuwa safi iwapo upande wa pili umejaa moshi. Lango la Faido likiwa limebomolewa, mahandaki mawili yakawa chumba kimoja kirefu. Kwa treni ya mizigo yenye dereva mmoja, hatari hiyo inaweza kudhibitiwa. Kwa treni yenye mamia ya abiria, haikubaliki. Ilibidi kwanza uwazi uzibwe kwa muda, kisha mifumo ya hewa ipimwe upya.

Hata baada ya hapo uwezo ulibaki mdogo. Njia moja ya kilomita 57 haiwezi kupitisha treni za pande mbili kwa wakati mmoja. Zinapangwa kwa mafungu: kundi la kaskazini lipite lote, njia iwe tupu, kisha kundi la kusini. Kila mgeuko unakula muda ambao hakuna treni inayotembea.

Kutengeneza njia ya zege

Mwanzoni shirika la reli, SBB, lilitarajia kurejesha huduma kamili mapema 2024. Novemba 2023 tarehe ikasogezwa hadi Septemba 2024. Waliodhani ni uzembe hawakuangalia sakafu.

Kwenye njia ya kokoto, taruma bovu hufunguliwa viungio, hutolewa kwa ubavuni, jipya husukumwa ndani, kokoto hushindiliwa. Mashine moja hufanya mamia kwa siku. Ndani ya Gotthard hakuna kokoto. Mataruma ni vipande vya zege vinavyokaa ndani ya viatu vya mpira, na viatu hivyo vimemiminiwa zege pande zote. Faida yake ni kubwa: njia haisogei, mtetemo hupungua, matengenezo huwa machache kwa miaka mingi, na treni zinaweza kupita kwa kilomita 200 kwa saa na zaidi. Gharama yake hujitokeza siku ya ajali. Kila taruma lililovunjika linapaswa kukatwa kutoka kwenye zege iliyolishika.

Kazi huenda hivi. Mabehewa yaliyoharibika huondolewa kwanza, mengine yakikatwa vipande palepale kwa sababu hayawezi tena kutembea. Reli hukatwa na kutolewa. Zege iliyoshika mataruma huvunjwa, vifusi hupakiwa kwenye treni ya kazi. Reli mpya huwekwa pamoja na mataruma yake juu ya fremu za kurekebishia, zikipimwa hadi milimita: upana wa milimita 1,435, kimo, na mwinuko wa upande mmoja kwenye kona. Ndipo zege humiminwa kuzunguka viatu vya mpira na kuachwa ikomae. Kosa lililoganda ndani ya zege haliondoki kwa kugonga nyundo. Linakatwa na kuanza upya. Baadaye reli huchomelewa ziwe mfululizo, husagwa uso, na pointi, nyaya za umeme, mawimbi ya mawasiliano na lango jipya hufungwa na kujaribiwa.

Yote hayo hufanyika mahali ambapo kila taruma, kila ndoo ya zege na kila kifusi hupita kwa njia moja ya reli kutoka lango la handaki, chini ya mwamba ambao kimo chake hufikia mita 2,300, kwenye joto ambalo bila mitambo ya hewa lingevuka nyuzi 40. Upande wa pili treni za mizigo zinaendelea kupita. Kwa mazingira hayo, miezi kumi na mitatu haikuwa mingi.

Njia ya mwaka 1882

Kilichoizuia Uswisi isikatike vipande viwili ni njia ya zamani ya mlimani. Handaki lake kuu, kati ya Göschenen na Airolo, lina urefu wa kilomita 15 na lilifunguliwa 1882. Mkandarasi wake, Louis Favre, alifariki ndani ya handaki mwaka 1879 kabla halijatobolewa. Ili kufika kwenye mdomo wake, reli hupanda kutoka Erstfeld zaidi ya mita 600 ndani ya kilomita 29 hivi, kwa mwinuko unaofika mita 27 kwa kila mita 1,000. Mahali ambapo bonde halikuwa na urefu wa kutosha, wahandisi waliizungusha reli ndani ya mlima kwa mahandaki ya mviringo. Pale Wassen abiria huliona kanisa lilelile mara tatu, kila mara kutoka kimo tofauti.

Baada ya 2016 njia hii ilibaki na treni za mikoa na watalii, na tangu Desemba 2020 treni za Treno Gottardo. Wengi waliihesabu kama urithi tu, pamoja na ile injini ya Krokodil iliyowekwa kama ukumbusho Erstfeld. Agosti 2023 ikageuka ghafla kuwa njia kuu ya abiria kati ya Zürich na jimbo la kusini la Ticino, kwa nyongeza ya saa nzima ya safari.

Lakini mipaka yake ilionekana mara moja. Treni nzito zinahitaji injini za ziada kupanda. Mahandaki ya zamani hayana kimo cha kupitisha matrela ya malori yenye kimo cha mita 4 kwenye pembe za juu, ambayo ukanda mpya uliwezesha kupita, ukikamilishwa na handaki la Ceneri mwaka 2020. Kwa hiyo abiria walikuwa na njia mbadala na shehena hiyo haikuwa nayo. Ndiyo maana handaki la mashariki lilipewa mizigo kwanza, uamuzi uliowaudhi wasafiri lakini ambao kiufundi ulikuwa sahihi. Anayetaka kupunguza matengenezo ya njia ya 1882 kwa kisingizio cha gharama aanze kwa kueleza ni njia gani ingebeba abiria wale.

Nani abebe mzigo

Baada ya ajali SBB iliamua kuweka vifaa vya kugundua treni iliyoacha reli. Kazi yake ni rahisi: kifaa huwekwa usawa ambao gurudumu lililo relini haligusi, lililoanguka hugusa, na ishara hubadilika kuwa nyekundu. Mahali kinapowekwa ndipo penye ugumu. Treni ya mizigo inayokwenda kilomita 100 kwa saa huhitaji mamia ya mita kusimama, wakati mwingine karibu kilomita nzima, kwa hiyo kifaa kilichoko mlangoni pa handaki huisimamisha treni ikiwa tayari ndani. Kinatakiwa kiwe mbali kabla ya lango, na kingine kabla ya kila kundi la pointi. Hata hivyo kifaa cha nje kisingesaidia siku ile, kwa sababu ekseli iliacha reli ikiwa ndani. Kilichohitajika ni kile cha kabla ya Faido.

Upande wa magurudumu, Septemba 2025 ofisi ya shirikisho ya usafiri ya Uswisi ilitangaza masharti mapya yaliyolenga kuanza 2026: kipenyo cha chini kikubwa zaidi kwa magurudumu yanayobanwa na bloku, ukaguzi wa mara kwa mara zaidi, na kumbukumbu zinazoonyesha umefanyika. Sekta ya mabehewa ilipinga, ikisema soko la mabehewa ni la bara zima na nchi moja haiwezi kujiwekea kipimo chake. Hoja ina uzito: behewa lililosajiliwa nchi moja hutunzwa na kampuni ya nchi ya pili na kuvutwa na ya tatu. Mwenye behewa, anayewajibika kwa matengenezo, na mwendesha treni wanaweza kuwa watu watatu tofauti. Lakini kwa mkataba wa pamoja wa matumizi ya mabehewa Ulaya, mwendesha treni ndiye anayesimama mbele ya mwenye miundombinu, kisha yeye atafute kosa la mwenye behewa. Kuthibitisha kosa kwa ufa ambao hakuna aliyeuona ni kazi ngumu, na hadi sheria ibadilishwe, bili ya kilomita 7 huishia kwa anayevuta na bima yake.